Mita Mia Nne za Kapteni Ando

Andongwisye wa Ngonga ana ndege. Tuanze hapo, maana ukianzia kwingine watu hawaamini. Ni ndege ya viti viwili, mabawa ya turubai, injini inalia kama mashine ya kukoboa mpunga iliyokasirishwa, na ubavuni imeandikwa KYELA ANGANI kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka geti la kanisa. Kabla ya kuwa na ndege alikuwa fundi wa injini za boti na pawatila pale mjini, fundi mzuri, wa aina ile adimu inayofunga injini bila kubakiza skrubu. Mzungu mmoja mzee mwenye shamba la kahawa ng'ambo ya mto Songwe alimwita amtengenezee ndege yake, akamfundisha kuirusha ili apate mtu wa kumfokea hata angani, na miguu ilipomkatalia akarudi kwao akamwachia kwa bei ya kuagana. Ndege ikavuka mpaka wa Kasumulu juu ya Fuso, imefungwa kamba kama ng'ombe wa mahari.

Biashara aliyoipanga Ando ilikuwa na akili, ndiyo maana inauma. Watalii wa Matema wangelipa kuona Milima ya Livingstone kutoka juu. Dawa zingefika siku ileile kwenye vijiji vya chini ya mlima, ambako boti ikiamka vibaya haifiki kabisa. Mabibi harusi wangeshuka kutoka mawinguni. Na kila masika Kyela ikifurika, viongozi wangeyaona mafuriko vizuri kabisa bila kulowesha viatu. Wateja hao wa mwisho aliwategemea zaidi, kwa sababu wanarudi kila mwaka.

Kilichokosekana ni kibali. Kubeba mtu anayelipa kunahitaji kibali, na kibali kinahitaji uwanja uliokaguliwa: mita mia nne, zimenyooka, hazina kitu. Sasa tembea Ngonga yote unitafutie mita mia nne zisizo na kitu. Bondeni mpunga, juu kakao, kati migomba, na palipobaki pamejengwa kanisa. Mahali pekee palikuwa kwa baba yake mkubwa, Mzee Hezroni, aliyekuwa na ukanda wa nchi kavu ulioinuka, malisho ya ng'ombe ambao wote walikwisha kuliwa kwenye harusi na misiba. Mzee alimpa mbele ya ndugu, kwa mdomo, kama ardhi inavyotolewa na watu wanaopendana.

"Chukua, mwanangu," alisema. "Ng'ombe hawapo tena, na wewe unanguruma kuliko wao."

Ando akatuma maombi ya kukaguliwa. Akaambiwa asubiri. Akasubiri miezi kumi na minne, na kwa kuwa binadamu hawezi kusubiri tu huku ana ndege na simu, akafungua chaneli.

Mkewe, Nancy, ndiye alishika kamera. Video za mwanzo zilikuwa nzuri mno: ziwa, mawingu, mlima, muziki wa taratibu. Zilitazamwa na dada zake Nancy. Kisha siku moja, Ando akitua, Mzee Hezroni akaingia kwenye picha na kiti chake cha plastiki, akakiweka pembeni ya uwanja, akaketi, akaitazama kamera kama mtu anayetazama fomu ya mkopo.

"Gwe Ando," akasema, "ukianguka usiangukie mpunga wangu. Angukia wa Tuntufye. Yeye hata hapalilii."

Tuntufye ni mdogo wake Hezroni, msemaji wa ukoo, na ni kweli hapalilii. Ndani ya wiki moja watu laki mbili walikuwa wanajua hilo. Kuanzia hapo ndege ikawa kisingizio. Watu wa Mwanza, Tanga, Muscat, walifungua simu kumsikiliza mzee akimtukana rubani. "Babu yuko wapi?" waliandika kama video ilipita dakika moja bila yeye. Ando angeweza kupindua ndege kichwa chini juu ya Ziwa Nyasa, wangemwambia apishe, anamziba babu.

Halafu ikaja Machi, na mvua ya Kyela, ambayo hainyeshi bali inahamia. Ndege ikalala chini ya turubai. Chaneli ikapoa. Wakati huohuo ikaja barua: mkaguzi atafika Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa sita. Ando akapiga hesabu ambayo wengi wetu tungeipiga: mkaguzi akikuta nchi nzima inatutazama, atapata wapi uso wa kutukatalia? Ilibidi video irudi juu, na bila kuruka.

"Baba mkubwa aseme kitu kizito," Nancy alishauri.

Ando akaandika nyuma ya risiti ya plagi, kwa mkono wake mwenyewe: *Nikifa nizikeni katikati kabisa ya uwanja huu, kichwa kielekee ziwani, nimwone huyu mpumbavu akitua.*

Mzee akavaa miwani, akasoma polepole.

"Mpumbavu ni wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Basi nitasema."

Akasema, na akasema vizuri kuliko ilivyoandikwa. Akaongeza na lake ambalo hakuna aliyemwandikia: "Na kaburi ataanza kulichimba Ando mwenyewe. Unaniahidi?" Akanyoosha mkono. Ando, akiwaza vile vikatuni vya kucheka vinavyotoa machozi, akaushika. Laki sita wakatazama. Laki sita! Kyela yote, na vichanga wake, haifiki hapo.

Wiki tano baadaye, Jumanne asubuhi, siku mbili kabla ya mkaguzi, Mzee Hezroni alimaliza chai, akaomba kikombe kingine, na hakukinywa.

Ando alilia. Nasema hivi kwa sababu yanayofuata yanaweza kukufanya ufikiri hakulia. Alikaa chini kwenye ukumbi, karibu na kile kikombe, akalia kama mtoto wa darasa la pili, maana baba yake mzazi alimwacha mdogo na huyu ndiye aliyemlea, akamlipia ufundi, akampa ardhi, akamtukana mbele ya taifa zima kwa mapenzi. Kilio kilipotulia kidogo, wazo likaja lenyewe, bila kubisha hodi: Alhamisi. Akaona aibu. Wazo halikuona.

Kikao cha ukoo kilikuwa Jumatano mchana. Wanaume waliketi kwenye majani ya migomba. Mazishi yakapangwa Alhamisi saa tisa, ndugu wa Chunya na Dar wawe wamefika. Likabaki la mahali. Tuntufye akasimama, akatoa simu ya binti yake, akaiunganisha na spika ya kwaya.

Video ikapigwa mara tatu. Mara ya kwanza watu walilia. Ya pili walicheka wakilia. Ya tatu walikuwa wanamtazama Ando.

"Baba mdogo," Ando akaanza, "ile ilikuwa video tu."

"Video tu?" Tuntufye akawageukia wenzake. "Amesema video tu. Mzee Anyelwisye wa Busale alipokufa, wosia wake ulisikiwa na watu wawili, mmoja kiziwi, na ukafuatwa. Huu umesikiwa na laki sita. Wewe umeona wapi wosia wenye mashahidi laki sita?"

"Kuna pale kwenye migomba, karibu na kaburi la baba yenu. Hatua hamsini tu kutoka—"

"Kutoka aliposema."

"Ni uwanja wa ndege, baba mdogo. Mkaguzi anakuja kesho."

"Uwanja ulipewa na nani?"

"Na yeye."

"Kwa karatasi?"

Ando akaanza kuchana jani la mgomba alilokalia.

"Nakuuliza, rubani. Kwa karatasi au kwa mdomo?"

"Kwa mdomo."

"Basi ni mdomo uleule," akasema Tuntufye, na kwa kweli mahakama yoyote ingeona tabu. "Kama kwenye kaburi alikuwa anatania, na kwenye uwanja alikuwa anatania. Turudishie tupande mpunga. Kama alikuwa hatanii, tafuta jembe."

"Usisahau kulinoa!" mtu akadakia kutoka nyuma, na msiba mzima ukaguna kukubali.

Ando akamvuta Nancy nyuma ya jiko, kwenye moshi, ambako wanawake walikuwa wanapika maharage ya msiba kwenye sufuria kubwa kama la kuogeshea ng'ombe.

"Nawaambia ukweli," alisema. "Kwamba sio maneno yake. Niliandika mimi, yeye alisoma."

Nancy alimwangalia kama anayeangalia mtu anayeingia ziwani na gumboots.

"Sema taratibu nisikie," akasema. "Unakwenda mbele ya ukoo, unawaambia ulimwandikia mzee mahali pa kuzikwa. Ukampa asome kwa sauti. Ukamshika mkono. Na wiki tano baadaye amekufa akiwa na chai mkononi, hajaumwa hata kichwa."

Ando akapiga hatua kuelekea kwa wanaume.

"Na wao wakikuuliza ulijuaje?"

Ando akarudi kwenye moshi. Kuna vitu mtu wa Ngonga anaweza kusamehewa: kuiba ndizi, kuoa vibaya, hata kuacha kupalilia. Kumtamkia mzee kaburi lake, halafu mzee akaingia, hicho hakina msamaha, kina maswali, na maswali yale hayaulizwi na polisi.

"Ile risiti iko wapi?" Nancy akauliza.

Ilikuwa kwenye boksi la plagi. Wakaitafuta wote wawili, wakaisukuma chini ya sufuria. Kwa hiyo karatasi pekee duniani iliyothibitisha kwamba mzee alikuwa anatania, ilisaidia kuivisha maharage, na Tuntufye akala sahani mbili, akashukuru, ndaga fijo, yameiva.

Likabaki tumaini moja. Mkaguzi alikuwa anakuja saa nne. Kuchimba kungeanza saa sita. Kupima uwanja ni kazi ya nusu saa. Apime, aandike, asaini, aende zake. Kitakachotokea baadaye kwenye uwanja uliokwisha kukaguliwa, Ando alijiambia, ni mambo ya familia. Haukuwa uongo. Ulikuwa ukweli uliowahi gari la kwanza.

Mkaguzi alifika saa nne kamili, jambo ambalo Kyela haikuwa imejiandaa nalo. Jina lake Jovina, mwenyeji wa Bukoba, amevaa kizibao cha kung'aa, begani begi la fomu, mkononi kigurudumu cha kupimia. Alishuka kwenye gari, akasema, "Nimekuja kwa Kapteni—"

"Pole sana, mama," wanawake wakamjibu. "Karibu. Pole."

Nyumba ya msiba haipitwi kama kibanda cha soda. Unaingia, unasalimia, unaketi, unakula. Shughuli iliyokuleta itakukuta umekaa. Jovina alilijua hilo, kwao pia wanakufa. Akafungwa kanga juu ya kizibao, akakalishwa mkekani katikati ya akina mama, kigurudumu chake kikaegeshwa ukutani pamoja na majembe.

Ando alikuwa upande wa wanaume, hatua thelathini tu kutoka pale. Mwanamume haendi kwenye mkeka wa wanawake. Akampungia mkono. Jovina hakuona. Akapunga kwa mikono miwili, akaonyesha saa, akaonyesha uwanja. Wajomba wawili wa Ndandalo wakaona huzuni imempanda, wakamkumbatia kwa nguvu, mmoja kila upande, wakamkalisha.

"Lia tu," mmoja akamwambia. "Usishindane nayo."

"Silii, mjomba. Namwita yule mama."

"Mama yako alikwisha kutangulia, mwanangu. Lia."

Saa tano msema-chochote wa msiba akatangaza kwamba tunaye mgeni kutoka serikalini, atatoa salamu. Jovina akasimama, hana hotuba. Akasema amesafiri kutoka Dar kwa kazi, lakini moyoni alikuja kumwona mzee, kwa sababu yeye na watoto wake wanamtazama kila Jumapili baada ya kanisa. Akasema mwanawe mdogo akiudhiwa shuleni anajibu, "Angukia mpunga wa Tuntufye." Tuntufye akainama, akijaribu kuonekana ameumia. Kisha Jovina akashindwa kuendelea, akalia, na akina mama wakalia naye, na pambio likaanza, na pambio la Wanyakyusa likishaanza halijui saa. Vijana wa kwaya walikuwa wanarusha yote moja kwa moja kwenye chaneli ya Ando. Watu elfu arobaini walikuwa wakitazama, rekodi ambayo hajawahi kuigusa akiwa angani. *Kapteni arushe ndege amuage babu*, waliandika. *Mbona Kapteni anapunga punga mikono?*

Baada ya pambio, mbalaga, ndizi za kupikwa. Baada ya mbalaga, chai, kwa sababu mgeni wa serikali hawezi kuondoka na mbalaga tu. Saa sita na nusu Tuntufye akasimama kwenye kivuli chake mwenyewe.

"Ando. Jembe."

Wakaenda uwanjani, wanaume mbele, wengine nyuma, ndege ikiwa imesimama mwisho kabisa chini ya turubai kama mfiwa ambaye hakupewa kiti. Tuntufye alikuwa na kamba ya kufungia boti. Akaanza kuupima uwanja nayo, akapotewa na hesabu kwenye mara ya tisa, akaanza upya, akapotewa tena.

"Mzee alisema katikati kabisa," akalalamika. "Sio karibu na katikati." Macho yake yakatua kwenye kigurudumu. "Mama wa serikali! Hicho si cha kupimia?"

"Ndicho," akasema Jovina.

"Tusaidie basi, mwanangu. Wewe mwenyewe umesema ulimpenda."

Ando alitembea naye. Alitembea pembeni yake kutoka kichaka cha mwanzo hadi turubai ya ndege, kigurudumu kikilia tik, tik, tik, na kwa dakika tano zile ukaguzi wake aliousubiri miezi kumi na minne ulikuwa unafanyika kweli, kwa utaratibu, na mtaalamu, mbele ya mashahidi. Mwishoni Jovina akainama, akasoma.

"Mia nne na kumi na mbili."

"Inatosha?" Ando akauliza.

"Inatosha na zaidi."

"Nusu yake ni ngapi?" Tuntufye akauliza.

"Mia mbili na sita."

Wakarudi mpaka mia mbili na sita. Kijiti kikapigwa. Ukoo ukazunguka, ukamwachia Ando nafasi.

Akainua jembe, akapiga. Jembe likaruka likamrudia. Akapiga tena, likatoa mlio, kama limekutana na sahani. Pakabaki alama nyeupe ndogo. Akavua shati. Waliopangwa kumpokea wakampokea, vijana wanne wa Busale wenye mikono kama miti, na wao majembe yakawarudia. Mmoja mpini ukamvunjikia.

"Gwe Kapteni!" akasema yule wa mpini, akipuliza kiganja. "Hapa umeweka nini?"

"Nilishindilia," akasema Ando. "Kwa pipa la maji. Kila jioni, mwaka mzima."

"Umeshindilia, kweli umeshindilia. Lete sururu!"

Sururu zikaletwa. Wakachimba kwa zamu, jasho linatiririka, na kila aliyetoka shimoni alimsifu Ando kwa namna yake, wengi kwa matusi. Baada ya saa nzima shimo lilikuwa limefika magotini, kuta zake zimesimama wima kama zimepigwa plasta, hakuna hata kipande kilichomeguka.

Jovina alikuwa amechuchumaa pembeni. Alichukua bonge la udongo, akalibana, akalipiga kwenye jiwe. Halikuvunjika. Akafungua begi, akaiweka fomu juu ya goti.

"Kaka Ando," akasema kwa sauti ya chini, "pole tena. Nimekagua viwanja vya lami vibovu kuliko hiki. Ungepita."

Ando alikuwa ametoka shimoni kupumzika, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Basi andika hivyo, dada yangu."

"Niandike wapi? Wanauliza hapa: kuna kizuizi katika njia ya kurukia? Ndiyo, hapana."

Ando akatazama shimo. "Hicho bado si kizuizi. Ni shimo la magoti. Nalifukia kwa nusu saa."

"Kaka."

"Mzee hajafika. Bado yuko nyumbani, mchungaji anamwombea. Andika sasa hivi, kabla hajaingia. Andika saa, andika dakika, mimi nitakuwa shahidi."

Jovina akatazama saa yake. Naam, alitazama, kwa kitambo kalamu ilikaa juu ya fomu bila kuamua. Kutoka nyumbani pambio lilikuwa linakaribia, sauti za akina mama kwanza, halafu besi, halafu jeneza lenyewe likaonekana juu ya mabega, limepita migomba, limepita lile eneo la hatua hamsini, linakuja moja kwa moja kwenye mstari wa katikati wa uwanja, limenyooka kuliko Ando alivyowahi kutua.

Akaandika Ndiyo. Akampa kalamu asaini chini, palipoandikwa mwenye uwanja. Ando akasaini, dole gumba lake likaacha alama ya udongo mwekundu kwenye karatasi, na Jovina hakuifuta.

"Wanafika hao!" Tuntufye akaita. "Gwe Ando, bado mpaka kifuani. Sururu hiyo hapo."

Ando akaichukua, akashuka.